Anatafuta Nini Msituni?

Bodaboda aliyenipeleka msitu wa Rau siku ile alikataa kuondoka. Nilishamlipa, nikamwambia asante, nikaanza kuifuata njia ya kuingilia nikiwa na sketi ya ofisini, viatu vya kisigino na kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Nyuma yangu nikasikia amezima pikipiki.

"Dada, samahani. Kuna tatizo?"

Nikamjibu hakuna, nataka kukaa tu.

Akanikagua kuanzia viatuni mpaka usoni. "Dada yangu, marejesho yasikuue. Hata mimi nadaiwa."

Nilicheka mpaka nikaegemea mti. Kijana wa watu alidhani nimekuja kujinyonga kwa sababu ya mkopo. Ningemwambiaje kwamba mimi ndiye mdai?

Ilikuwa Machi 2018, saa nane mchana, siku ya kazi. Kwa miaka tisa nilikuwa afisa mikopo wa kampuni moja ya mjini Moshi, miongoni mwa zile ambazo watu wanaziita kausha damu. Asubuhi ile tulikwenda kukamata dhamana kwa mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. Dhamana yenyewe ilikuwa sofa la watu watatu na runinga. Runinga tulikuta imeshauzwa. Mtoto wa kama miaka minne alikuwa amekaa kwenye sofa anakunywa uji. Vijana wa kubeba waliposogea hakulia. Alishuka na kikombe chake, akahamia mkekani, akaendelea kunywa, kama mtu aliyezoea kuhamishwa. Sofa liliponyanyuliwa, sakafuni pakabaki vumbi la pembe nne, na juu ya vumbi lile kichana, kifuniko cha kalamu na sarafu ya shilingi 200. Mama yake akainama, akaiokota ile sarafu, akaifuta kwenye kanga, akanitia mkononi.

"Ongezea kwenye deni," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningelala usingizi wangu usiku ule bila shida, maana kejeli nilizizoea.

Kwa hiyo badala ya kurudi ofisini nikajikuta Rau. Msitu wenyewe uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, hekta zipatazo 570, na unaishi kwa maji ya chini ya ardhi yanayoshuka kutoka mlimani. Ndiyo maana kiangazi, Moshi nzima inapogeuka vumbi, Rau kunabaki kubichi. Miaka yote hiyo nilikuwa napita kandokando yake kwenda mashamba ya mpunga kukagua wakopaji, na sikuwahi kuingia. Kuingia kufanya nini?

Ningependa kusema nilipata amani. Sikupata. Nilikaa kwenye mzizi mkubwa nikapigwa na mbu. Simu ilikuwa inatetemeka kila dakika, na nyingi ya meseji zilitoka kwenye grupu la kamati ya harusi ya binamu yangu: "Mweka hazina, salio tafadhali." Mimi nilikuwa mweka hazina wa kila harusi ya ukoo. Nani tena kama si mtu wa mikopo? Aliyeahidi laki na hakutoa, mimi ndiye niliyejua namna ya kumwandikia meseji ambayo asingeweza kuipuuza.

Kisha juu yangu kikapita kitu chenye mlio kama treni ya mizigo. Niliinama kabisa, mikono kichwani. Ilikuwa hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa wenye pembe juu, na mlio ule ni wa mabawa yake tu. Alitua mtini, akageuza kichwa akanitazama kwa jicho moja, akaendelea na matunda yake. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Nilipotoka nikamkuta yule bodaboda bado yupo, amelala juu ya pikipiki. Akanirudisha mjini na hakutaka hela ya kurudi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda tena. Na iliyofuata.

Inabidi nieleze kwetu kukoje, maana msomaji wa mbali anaweza kushangaa Jumamosi tatu zina kosa gani. Nimezaliwa Uru, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, mtoto wa kwanza. Mchaga akipanda kwao mwezi wa Desemba watu wanatania kwamba anakwenda kuhesabiwa. Ni utani, lakini wanahesabu kweli. Wanahesabu gari umekuja na lipi, umeshusha nini kwenye buti, umejenga au bado, umeolewa au bado, na watoto. Kwa miaka tisa nilikuwa nahesabika vizuri. Nilikuwa na gari, IST ya rangi ya fedha, na mama alikuwa akinitolea kiti chenye mto kabla hata ya wajomba. Nilibakiza kipengele kimoja tu, na hicho walishanitafutia: mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyeko Dar es Salaam, anatoka Kibosho, anasali, hanywi sana.

Hakuwa mtu mbaya. Nasisitiza kwa sababu kila ninayemsimulia anataka yule bwana awe mbaya ili kisa kikae sawa. Alinipigia simu kila Jumapili, akaniuliza habari za kazi, akasikiliza majibu. Tatizo ni kwamba tulipokaa mezani mara ya kwanza nilijikuta nakadiria: duka, viwanja viwili, umri, afya. Nikajua na yeye yuko kule ng'ambo ya meza anakadiria. Tulikuwa maafisa mikopo wawili, kila mmoja anakagua dhamana.

Hilo la dhamana nililiona vizuri kwa sababu ya mzee mmoja wa Rau. Alikuwa akiongoza wageni msituni, mtu wa makamo ya baba yangu, mwenye gambuti na fimbo. Jumamosi ya tatu alinikuta nimeketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wanayesema unakuja kuzungumza na mizimu?"

Basi kumbe nilishakuwa habari ya mtaa. Nikamwambia mizimu haijanijibu bado. Akacheka, akaniambia twende. Alinionyesha mvule mkubwa ambao wageni wanapigia picha, halafu akanionyesha msoo, mti ambao hauna umaarufu huo lakini duniani unapatikana sehemu chache sana na Rau ni mojawapo. Kila aliponionyesha mti, mimi nilikuwa na swali: unatibu nini? Mbao yake inauzwaje? Alijibu mara mbili, mara tatu. Mara ya nne akasimama.

"Mwanangu, wewe kila kitu unakipiga mnada."

Nilinyamaza. Ilikuwa kweli. Nilipoutazama ule mvule, kabla sijaona hata rangi ya gamba lake, nilishaupasua mbao kichwani. Ndiyo kazi niliyofundishwa, na niliifanya vizuri: ukiingia nyumbani kwa mtu, kabla hujaitikia karibu, jicho limeshapita kwenye friji, kwenye runinga, kwenye cherehani, na limeshapunguza bei hadi ile ya kuuza haraka. Mzee akanipa kazi ya kitoto. Nikae chini ya mti mmoja mpaka niweze kumweleza jambo lake moja ambalo halina bei. Ilinichukua saa nzima. Nilichokuja nacho ni kwamba siafu walikuwa wanapanda upande mmoja wa shina na kushuka upande wa pili, na hawakuwa wakikutana. Akatikisa kichwa, akasema, "Si haba."

Huko nyuma maneno yalikuwa yanapikwa. Mwanamke wa Kichaga wa miaka thelathini na nne akionekana anaingia msituni peke yake, maelezo yanayokubalika ni matatu: anakwenda kwa mganga, ana mwanamume wa mtu, au kichwa kimeguswa. Shangazi alishikilia la kwanza. Mama mdogo, la pili. Jumuiya yetu ikachagua la tatu, ikaja kwangu jioni ya Alhamisi na rozari, watu kumi na moja, wakasali kwa bidii kweli, kisha wakanywa chai yote na maandazi. Sikuwalaumu. Kwetu mtu hawi peke yake mpaka awe na tatizo.

Juni nikaacha kazi. Wiki hiyo hiyo nikamwambia mama kwamba barua ya posa isije.

Ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya jioni ile lakini zote zingekuwa sentensi moja, ambayo mama aliisema mara moja tu, anamenya ndizi, bila kuinua macho: "Sasa mimi nitawaambia watu nini?" Nikajibu vibaya. Nilimwambia mimi si sofa lake la kuwekea dhamana. Hakuelewa habari ya sofa, lakini sauti aliielewa. Kutoka hapo hatukuzungumza kwa miaka miwili na zaidi. Salamu zilipita kwa mdogo wangu wa mwisho wa kiume, ambaye kwa mila zetu ndiye atakayebaki na kihamba, kama kuna mtu alikuwa anajiuliza.

Wanaosimulia kuacha kazi hawasimulii mwezi wa nne. Mwezi wa kwanza unalala. Wa pili unasema nimepona. Wa nne kodi ya nyumba imekwisha, umeuza IST kwa bei ile ile ya haraka uliyokuwa ukiwapa wengine, na msitu uko pale pale haujali. Nilikuwa nafanya mahesabu ya vikoba viwili kwa posho, na nilianzisha kitalu cha miche kwenye kipande nilichokodi kando ya kijito. Nilitaka miti ya asili: mringaringa, mfuruanje na msesewe, ule ambao magamba yake machungu yanatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Watu wengi waliokuja walitaka migrivelia na mikaratusi, inayokua haraka. Viriba 600 vya kwanza nilivijaza mwenyewe, udongo wa msitu, samadi na mchanga. Miche 411 ikafa. Ilikuwa inaota vizuri, halafu shina linanyong'onyea pale linapogusana na udongo, mche unalala chini kama uliofyekwa. Kinyausi. Bibi shamba alikuja akachovya kidole kwenye kiriba, akaniuliza namwagilia mara ngapi. Nikasema asubuhi, mchana na jioni. "Unaizamisha," akasema. "Na hiki kivuli umezidisha. Ipe nafasi ipumue." Nilikuwa naisimamia ile miche kama marejesho, kila siku nakwenda kuuliza.

Septemba 2019, akiba ya mwisho ya maana niliyokuwa nayo nikaitumia kupanda mlima. Sikutaka kilele. Nilitaka kambi ya Horombo tu, kwenye mita 3,720, nilale siku mbili nishuke. Nimezaliwa chini ya Kilimanjaro, nimeukuta kwenye noti, chupa za bia na beji za shule, na sikuwahi kuugusa. Karibu wote niliosoma nao hivyo hivyo. Mlima ni wa wageni na wagumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi. Wengine tunautazama asubuhi kujua kama mvua itanyesha.

Kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara ni msitu mtupu, mbega wakiruka juu na mikia yao myeupe, na pembeni ya njia kuna kale kaua kekundu kenye ncha ya manjano na mkia uliojikunja, ambako hakapatikani popote duniani ila Kilimanjaro. Nilikaa kukatazama kiasi kwamba mwongozaji wangu akadhani nimeshikwa na ugonjwa wa mwinuko.

Nilikokumbuka zaidi ni Horombo usiku. Nilitoka nje saa kumi alfajiri kwa sababu za kawaida za binadamu, nikapita kando ya mmea wa lobelia. Mchana nilikuwa nimeiona imefunguka kama kabichi kubwa, katikati kuna maji. Sasa majani yote yalikuwa yamejikunja kwa ndani, yamefunika moyo wake. Nilitia kidole katikati ya majani nikakuta barafu nyembamba, nikaivunja, na chini yake maji bado yalikuwa maji. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Sina mfano wa kutoa hapo. Nilijaribu kuutafuta wakati nashuka, mfano mzuri wa kumpelekea mzee wa Rau, nikaona nimeanza tena mnada wangu, nikauacha.

Asubuhi ile nilizungumza na mgumu mmoja aliyekuwa anapumzika karibu na jiko, kijana mwenye stashahada ya ualimu. Mzigo wake ulikuwa umepimwa langoni, kilo 20, na mfuko wake mwenyewe juu. Akaniuliza mbona sina wageni. Nikamweleza kwa ufupi kwamba niliacha kazi, nimekuja huku kujitafuta. Alinisikiliza kwa adabu.

"Hongera, dada. Mimi huku natafuta ada ya mdogo wangu."

Akafunga kamba, akainua mzigo shingoni, akaondoka.

Sijawahi kulitumia tena neno kujitafuta. Si kwamba alinisuta, alisema hali yake tu. Lakini nilitambua kwamba kile nilichokuwa nakiita kuukimbia ulimwengu, kwa mwingine ni zamu ya kazi, na kwamba mtu aliyewahi kuwa na IST ya kuuza ndiye anayeweza kukaa saa nzima anatazama siafu. Na nikamfikiria bibi yangu. Bibi aliishi maisha yake yote ndani ya kitu ambacho mimi nilikuwa nalipia kiingilio kukiona: mringaringa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, na zamu yake ya maji ilipofika aliamka usiku na jembe kwenda kufungulia. Hakuna aliyesema bibi anajitafuta. Mimi nilikiita kijijini, nikakimbia kwenda kutafuta hela za kurudi nazo kijijini nihesabiwe.

Oktoba 2020 mlima ukawaka. Moto ulianza tarehe 11 eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, pale pale nilipokula mkate na yai mwaka mmoja kabla. Usiku, ukiwa mjini, uliona mstari mwekundu umelala gizani mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya mama.

"Mlima unaungua," akasema. Akakata.

Nilipanda Uru usiku ule ule kwa bodaboda. Nilimkuta uani, amejifunga blanketi, ametoa viti viwili. Hakuna kati yetu aliyegusia mengine. Tulikaa tukatazama. Siku zilizofuata tukasikia askari wa hifadhi, wanakijiji na wanafunzi wa chuo cha Mweka wamepanda kuzima kwa matawi na majembe, na kila jioni mama alikuwa akitoka kuangalia mstari umefika wapi.

Usiku ule wa kwanza, saa saba hivi, alianza kuzungumza bila kuniangalia. Alisema alipokuwa binti walikuwa wakipanda hadi nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa tangu 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani ya ng'ombe. Walikuwa wanakwenda wasichana sita, saba. Akatoa majina ya miti kwa Kichaga, mfululizo, kama anayesoma litania. Mingine niliifahamu kutoka Rau kwa jina la Kiswahili, mingine sikuwahi kuisikia. Akasema kulikuwa na mahali wakifika wanatua mizigo na hakuna anayesema neno, kwa muda mrefu, kisha mmoja anacheka na wote wanacheka, wanabeba wanashuka.

"Ungeniambia unataka msitu," akasema, "ningekutuma kuni."

Hiyo haikuwa suluhu. Asubuhi aliponipa chai aliniuliza kama yule bwana wa Dar alishaoa, nikasema ndiyo, ana mtoto, na kimya kikarudi mahali pake.

Desemba ile nilipanda na daladala, kisha kwa miguu, mkoba mmoja begani. Nilikuwa na mche mmoja wa mringaringa kwenye kiriba, kati ya ile iliyosalimika, na mkononi jani la sale. Asiye wa kwetu ajue kwamba sale ndio mmea tunaopanda mipakani na kwenye makaburi, na mtu akikuletea jani lake kuomba msamaha, huruhusiwi kumkatalia, awe amekukosea nini. Njia nzima nilikuwa nalitazama lile jani na nikiona aibu kidogo, maana shuleni tulifundishwa kucheka mambo haya. Magari yalinipita yakipandisha vumbi, yamejaa watu wanaokwenda kuhesabiwa, na wawili watatu walipunguza mwendo kunitambua kisha wakaongeza.

Mama alikuwa jikoni, mtori umeshachemka. Nilimpa lile jani kwa mikono miwili. Hata shikamoo nilisahau. Alilipokea, akaligeuza upande huu na huu, akaangalia lilipokatiwa.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani hapo chini. Kwa jirani."

"Umeomba?"

Sikuwa nimeomba.

"Basi na yeye utampelekea," akasema, akalichomeka lile jani ukutani juu ya jiko, akanivutia kigoda. "Kaa ule kwanza."